Chandarua tunacho, mbona watoto bado wanaugua malaria?

Msomaji kutoka Malinyi, mkoani Morogoro, anauliza: "Kwangu kila kitanda kina chandarua chenye dawa na tunalala ndani yake kila siku. Hata hivyo, tangu mvua zianze watoto wangu wawili wamepimwa na kukutwa na malaria. Jirani mmoja anasema mbu wa siku hizi wameerevuka, wanauma jioni kabla hatujaingia kulala. Mwingine ananishauri nifunge ng'ombe karibu na nyumba ili mbu wawaume wao. Shemeji yangu naye amesoma mahali kwamba mbu hula maua, kwa hiyo nifyeke maua yote uani. Nimsikilize nani?"

Mama, pole sana kwa kuuguza. Wote watatu wana ukweli kidogo mkononi. Jirani wa kwanza ndiye aliyekaribia zaidi, ingawa sababu anayoitoa siyo. Ushauri wa ng'ombe unaweza kukuletea mbu badala ya kukuondolea. Maua yako yaache.

Majibu hayo yote yanatoka sehemu moja, nayo ni mlo wa mbu. Kila anapotaka kula, mbu analazimika kwenda mahali fulani, saa fulani, kwa kiumbe fulani, na hapo ndipo anapoweza kuuawa. Chandarua kimebuniwa kwa kufuata tabia hiyo, na upuliziaji wa dawa ukoko ukutani vilevile. Shida ni kwamba mbu hawali kwa namna moja, na dawa inayommaliza huyu inampita yule bila kumgusa. Bahati nzuri unaishi katika Bonde la Kilombero, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imechunguza mbu kwa miaka mingi, kwa hiyo mengi nitakayokueleza yamepimwa katika vijiji vya jirani zako.

Mbu dume haumi mtu kamwe. Anaishi kwa maji matamu ya maua na utomvu wa mimea. Jike naye hunywa maji hayo matamu ili apate nguvu za kuruka, lakini mayai yake hayakomai bila damu. Umewahi kumwacha mbu wa malaria amalize kazi yake kwenye mguu ukamtazama? Anatua bila kishindo, na mara nyingi hata mlio hukuusikia. Ile ala ya nje ya mdomo inapinda kurudi nyuma, na ndani yake zinatoka sindano nyembamba sana zinazopenya ngozi na kutafuta mshipa. Anatia mate kwanza, ili damu isigande, na vimelea vya malaria vikiwepo huingia mwilini na mate hayo. Tumbo linaanza kuwa jekundu. Dakika mbili tatu baadaye limevimba, na kwa nyuma anadondosha matone ya maji yaliyochanganyika na damu, kwa sababu anapunguza maji ili abakize kile kinacholisha. Akimaliza amebeba mzigo unaozidi uzito wake mwenyewe, hawezi kuruka mbali, na mara nyingi anatafuta ukuta ulio karibu apumzike. Kwa sababu hiyo kuta za nyumba hupuliziwa dawa.

Baada ya hapo anahitaji siku mbili au tatu ili kuimeng'enya damu na kutaga mayai, kisha anarudi kutafuta damu nyingine. Maisha yake yote ni mzunguko huo.

Sasa shika jambo hili, maana mengine yote yanalitegemea. Hakuna mbu anayezaliwa na vimelea vya malaria. Lazima kwanza amuume mtu aliye navyo. Vikishaingia tumboni mwake vinakua na kuongezeka, halafu vinahamia kwenye tezi za mate, na katika joto la bonde lenu safari hiyo inachukua kama siku 10 hadi 14. Kwa hiyo mbu aliyemeza vimelea leo atalazimika kutafuta damu mara kadhaa kabla ya kuweza kumwambukiza mtu yeyote, na kila mara anahatarisha uhai wake.

Chukua mbu 100 waliomeza vimelea usiku mmoja. Tuseme kila siku wanapona 85 katika kila 100. Siku ya 12 watakuwa wamebaki 14 hivi. Sasa tuiongeze hatari kidogo, wawe wanapona 70 katika kila 100. Siku ya 12 atabaki mmoja, pengine wawili. Hatari ya kila siku imeongezeka mara mbili tu, lakini mbu wenye uwezo wa kuambukiza wamepungua mara kumi. Katika miaka ya 1950 George Macdonald, mtaalamu wa Uingereza, alionyesha kwa hesabu za aina hii kwamba kufupisha maisha ya mbu mzima kunakata maambukizi kuliko kupunguza idadi ya mbu kwa kiwango hichohicho. Hapa kwetu, Muheza mkoani Tanga, Mick Gillies na wenzake waliwapasua mbu mmojammoja chini ya darubini na kusoma kwenye mifuko ya mayai ni mara ngapi kila mmoja ametaga. Waliona kwamba wanaofikia umri wa kuambukiza ni wachache.

Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na wadudu tunakitazama chandarua chenye dawa kama mtego, na chambo ni wewe uliyelala ndani. Harufu ya mwili wako na pumzi yako vinamwita mbu, anakuja, anagusa wavu, anakufa au anaishiwa nguvu. Hata jirani asiye na chandarua anafaidika, kwa sababu mbu aliyekufa kwako hatafika kwake.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini wanao wameugua? Lazima tujue ni mbu gani yuko Malinyi.

Zamani mbu mkuu wa malaria bondeni kwenu alikuwa Anopheles gambiae halisi. Alipenda damu ya binadamu kuliko kitu kingine, aliingia ndani, na aliuma usiku wa manane. Kwa tabia hizo hakuwa na pa kukikwepa chandarua, na vyandarua vilipoenea baada ya mwaka 2000 alipungua mpaka karibu kutoweka. Jambo hilohilo lilitokea magharibi mwa Kenya, sehemu za Asembo. Waliobaki kwenu ni wawili. Mmoja ni Anopheles arabiensis, aliye mwingi sana, hasa wakati wa mvua na kwenye mashamba ya mpunga. Wa pili ni Anopheles funestus, ambaye idadi yake ni ndogo lakini ndiye mwenye hatari kubwa. Katika vijiji vya Kilombero na Ulanga vilivyochunguzwa, funestus amekutwa akibeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi yote.

Arabiensis hakuwahi kuwa na tabia za gambiae. Anauma mtu, anauma ng'ombe, anauma ndani na nje, na anaanza mapema jioni. Alikuwa hivyo tangu zamani, ila wakati gambiae yupo hakuna aliyemtilia maanani. Kwa hiyo jirani yako anaposema mbu wameerevuka, kwa sehemu kubwa anachokiona ni kwamba waliokuwa wepesi kuuawa wamekwisha, na waliobaki ni wale ambao hawakutegemea sana watu waliolala ndani. Mbu kubadili saa kumetokea kwingine, sikatai. Kule Dielmo, Senegal, funestus alikutwa akiuma baada ya jua kuchomoza, na Bangui katika Jamhuri ya Afrika ya Kati watafiti wamewakamata mbu wa malaria wakiuma ndani ya nyumba mchana. Lakini kwa Malinyi, kubadilika kwa aina ya mbu kunaeleza mengi kuliko kuerevuka.

Aina ya mbu ikibadilika bila watu kutambua, wanapotoshwa vibaya. Katika miaka ya 1950 serikali za kikoloni zilipulizia dawa iitwayo dieldrini majumbani katika mradi wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya. Funestus alitoweka ndani ya nyumba. Baadaye mbu wanaofanana naye sana wakaanza kuonekana, na mtu angedhani dawa imeshindwa. Walipochunguzwa vizuri walikuwa Anopheles rivulorum, ambaye damu anayoitaka zaidi ni ya ng'ombe. Alikuwa amechukua nafasi iliyoachwa wazi. Kwa macho ungehesabu mbu walewale, kumbe hatari imepungua. Kwa hiyo ukiwasikia mbu wanapiga kelele sikioni usiku usikate tamaa na chandarua. Wengi wa wapiga kelele hao ni Culex, wanaozaliwa kwenye maji machafu na mashimo ya vyoo, na hawaenezi malaria. Wa malaria ni mkimya zaidi.

Turudi kwenye saa. Kuanzia jua linapozama hadi saa tatu au nne usiku, watu bondeni wako nje: mama anapika, watoto wanasubiri chakula, wazee wanazungumza. Arabiensis yuko nao hapo. Funestus anauma zaidi usiku ukiwa umekwenda hadi karibu na alfajiri, ndani. Watafiti waliofanya kazi Kilombero walionyesha tangu mwaka 2011 kwamba baada ya vyandarua kuenea, sehemu ya kuumwa nje imekuwa kubwa ikilinganishwa na zamani. Ni kweli. Lakini uielewe vizuri: imekuwa kubwa katika kile kilichobaki. Chandarua kimekwishaondoa fungu kubwa la usiku, na hilo dogo la jioni ndilo linaloonekana. Ukikitundua chandarua, fungu kubwa litarudi usiku uleule.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kufuatilia kwako: mbu wa jioni, na mbu anayeingia ndani na kupita kwenye chandarua bila kufa. Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Funestus wa Kilombero amekuwa sugu kwa dawa za kundi la pairethroidi, ambazo ndizo zilizotumika kwenye vyandarua vyote vya zamani. Anatua kwenye wavu, anapumzika, anaondoka akiwa hai, na akikuta tundu anaingia. Wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, vilijaribiwa vyandarua vyenye dawa mbili, pairethroidi pamoja na klofenapiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kwa miaka miwili watoto waliolalia vyandarua hivyo waliugua malaria kwa asilimia 44 chini ya wale waliotumia vya dawa moja. Klofenapiri haimwangushi mbu papo hapo. Inaingia mwilini mwake na kuvuruga jinsi chembe zake zinavyotengeneza nguvu, na anaweza kuchukua hata siku tatu kufa. Asubuhi hutaona mizoga chini ya kitanda, na wengine hudhani chandarua hakifanyi kazi. Mbu aliyekufa siku ya tatu hafiki siku ya 12, na hilo ndilo tunalolitaka.

Soma lebo iliyoshonwa kwenye chandarua chako. Kama ni cha dawa moja na kina miaka mitatu au zaidi, au kina matundu ya kupitisha vidole, ulizia kituo cha afya au kliniki ya mama na mtoto ni vya aina gani vinavyotolewa sasa. Unapokifua tumia sabuni ya kawaida, usikisugue kwa nguvu, usitie dawa ya kung'arisha nguo, na ukianike kivulini, kwa kuwa jua linaharibu dawa.

Mbu wa jioni ana udhaifu ambao watu wengi hawaujui. Mtu akiwa amekaa au amesimama, mbu wa malaria wa Afrika humuuma zaidi chini ya magoti, kwenye miguu, vifundo na nyayo. Watafiti waliojiuliza kama ni harufu ya nyayo tu walimlaza mtu akainua miguu juu, na mbu wakahamia sehemu za mwili zilizokuwa karibu na ardhi. Kwa hiyo harufu inamleta, lakini anaruka chinichini na kuuma anachokikuta kwanza. Ndiyo sababu wanaokamata mbu kwa utafiti hukaa kitini usiku kucha suruali zimekunjwa hadi magotini, tochi mkononi, wakimnyonya kwa mrija kila anayetua kwenye muundi kabla hajauma.

Ifakara walitumia udhaifu huo kutengeneza kandambili zilizofungwa vipande vya katani vilivyolowekwa transifluthrini, dawa inayoruka hewani taratibu na kumfukuza au kumlevya mbu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba zinapunguza kuumwa nje. Bado si bidhaa ya kununua kila duka, lakini somo lake unaweza kulitumia leo. Ukiwa jikoni nje, kitenge kirefu mpaka kwenye vifundo na soksi kwa watoto vinakinga mahali penyewe panapotafutwa. Kama una mafuta ya kufukuza mbu, usiyamalizie shingoni na mikononi. Pakaa miguu kwanza. Udi wa mbu unasaidia kidogo mkiwa nje, ila usiufungie chumbani na watoto, moshi wake si mzuri kwa mapafu.

Sasa ng'ombe. Swali hili nalipenda kwa sababu ni la busara na lina historia ndefu. Hoja ni kwamba mbu akipata ng'ombe ataacha watu. Inategemea kabisa mbu mwenyewe anapenda nini. Katika kambi za wakimbizi wa Afghanistan nchini Pakistan, ng'ombe na mifugo mingine walipakwa deltamethrini, dawa ya kundi lilelile la pairethroidi, kwa sponji, na kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, malaria ile kali ya falciparum ilipungua kwa asilimia 56. Ni mafanikio makubwa, lakini mbu wa kule kwa kawaida hula kwa mifugo, na mtu humuuma kwa nadra. Ukipaka dawa mifugo umepaka dawa mezani pake.

Kwenu meza ni nyingine. Funestus hana haja na ng'ombe wako. Umfunge mlangoni au umpeleke mtoni, yeye atapita kwenye mwanya kati ya ukuta na paa kumtafuta mtu. Arabiensis ndiye atakayemfuata ng'ombe, na hapo tatizo linaanza: atakuja kwa wingi karibu na nyumba, atashiba, atataga mayai mengi, na baadhi yao wakishafika uani watamuuma aliyekaa karibu. Ng'ombe asiye na dawa anawalisha mbu. Anaweza kuwavuta wachache upande wake na papo hapo kuwaongezea maisha wengi. Ningekuwa wewe ningelijenga zizi mbali na nyumba, na kabisa nisingelaza mifugo ndani au barazani.

Ng'ombe aliyetiwa dawa ni habari tofauti. Anayeogeshwa joshoni kwa dawa za pairethroidi dhidi ya kupe na ndorobo anaweza pia kumuua arabiensis anayemtua, kama mbu hao hawajawa sugu. Na Ifakara walijaribu ndani ya mahema makubwa ya wavu ng'ombe waliopewa ivemektini, dawa ya minyoo ambayo wafugaji wengi wanaijua. Arabiensis waliowanyonya walishindwa kumeng'enya damu vizuri, wakataga mayai machache, na wakafa mapema. Usikimbilie kuchoma sindano kila wiki, lakini. Nyama na maziwa ya mnyama aliyepewa dawa hiyo vina muda wa kusubiri kabla ya kuliwa, na anayeujua ni daktari wa mifugo.

Ivemektini imejaribiwa kwa watu pia, nami nataka uisikie habari hiyo kwangu kabla hujaisikia sokoni. Katika Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, watu wenye uzito unaozidi kilo 15 walipewa dozi moja kila mwezi kwa miezi mitatu mwanzoni mwa msimu wa mvua. Dawa inabaki kwenye damu kwa siku kadhaa, na mbu anayeinyonya anadhurika. Matokeo yaliyotoka mwaka 2025 yalionyesha maambukizi mapya ya malaria kwa watoto yakipungua kwa asilimia 26, hapo tayari wakiwa na vyandarua. Faida yake kubwa ni kwamba haijali saa wala mahali: mbu akiuma jioni, alfajiri au shambani, sumu ameinywa. Lakini ni dawa inayotolewa na wahudumu wa afya kwa kijiji kizima kwa wakati mmoja, baada ya kuwaondoa wajawazito na watoto wadogo. Mtu mmoja akijinywea nyumbani hapati kinga yoyote ya malaria, maana mbu anakufa baada ya kumaliza kumuuma. Kuna dawa nyingine, nitisinoni, inayotibu maradhi adimu ya kurithi. Nayo imeonekana mwaka 2025 kwamba inazuia mbu kumeng'enya damu, na bado iko kwenye uchunguzi.

Maua yasitukalishe sana. Shemeji yako amesoma kitu cha kweli. Nchini Mali, katika vijiji vya Bandiagara, watafiti walikata matawi yenye maua ya mti ambao Wakenya wanauita mathenge, na mbu walipungua sana, hasa wale wazee ambao ndio wanaoambukiza. Lakini mathenge ni mti vamizi unaochanua kwa wingi katika nchi kavu, ambako maua mengine ni haba. Bonde la Kilombero ni bichi karibu mwaka mzima, kuna migomba, miembe, mibarika na magugu ya kila aina kando ya mito. Ukifyeka uani kwako mbu atapata sukari hatua chache kutoka hapo. Vilevile kulijaribiwa vibandiko vya kutundika ukutani vyenye maji matamu na sumu, baada ya majaribio ya awali huko Mali kuleta matumaini makubwa. Vilipopelekwa kwenye majaribio mapana magharibi mwa Zambia na magharibi mwa Kenya, hakukuonekana upungufu wa wazi wa malaria kwa watoto. Mimi bado naamini sukari ni mlango utakaofunguka siku moja, maana ndio mlo pekee ambao dume na jike wote wanaula, lakini leo sina cha kukupa cha kutumia nyumbani. Mwagilia maua yako.

Kilicho ndani ya uwezo wako, na ambacho hukukitaja kwenye swali, ni nyumba. Funestus na wenzake huingia zaidi kwa juu, kwenye ule mwanya kati ya ukuta na paa, kwa sababu hewa yenye harufu ya watu waliolala hutokea hapo, na mbu akigonga ukuta hupanda nao kwenda juu. Katika jaribio lililofanyika Côte d'Ivoire, madirisha yaliwekwa wavu, mianya ikazibwa, na kwenye ukuta chini ya paa zikaachwa bomba fupi zenye wavu wa dawa, ili mbu afuate harufu mpaka kwenye sumu. Malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 38. Bomba hizo huna, ila kuziba mwanya kwa udongo au matofali na kuweka wavu madirishani kunawezekana kwa kiasi, chumba kimoja kimoja, ukianza na wanacholala watoto. Acha hewa ipite madirishani kwenye wavu, la sivyo joto litawafukuza watoto kwenye chandarua.

Na shamba je? Familia nyingi za bondeni huhamia mashambani msimu wa mpunga na kulala kwenye madungu na vibanda vya muda vya nyasi na turubai, wiki baada ya wiki, chandarua kikiwa kimebaki kitandani nyumbani. Ifakara waliwahi hata kubuni kibanda chepesi cha wavu cha kubeba kwa ajili ya wakulima hawa, kwa jinsi walivyoona wanaumwa huko. Umesema malaria imeanza na mvua. Kama watoto walikuwa shambani nawe, mimi ningeanza kushuku huko kabla ya kulaumu vyandarua vya nyumbani. Beba chandarua kimoja cha ziada, fimbo nne na kamba, na uchomeke kingo zake chini ya mkeka.

Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyohiyo au kesho yake, na amalize dozi ya dawa mseto hata akipata nafuu siku ya pili. Baada ya dozi, vimelea vya hatua ile ambayo mbu huibeba vinaweza kubaki kwenye damu kwa siku kadhaa bila homa yoyote, kwa hiyo chandarua kizima kuliko vyote hapo nyumbani apewe yeye. Waangalie pia wakubwa wake wanaosoma shule ya msingi. Watoto wa umri huo mara nyingi wana vimelea bila kuugua, na katika nyumba nyingi ndio wanaolala bila chandarua vikiwa havitoshi, kwa sababu wadogo na wazazi hupewa kwanza. Mbu wengi wanavichukua vimelea kwao.